Tarehe ya Mashua

Mjini Karatu mtu akitaka kuoa hupita kwa watu watatu: kiongozi wa dini yake, mwenye maturubai, na Mzee Marijani wa duka la vyombo. Kiongozi wa dini akiweka ngumu, hubembelezwa. Mwenye maturubai akisema yamekodiwa, huletwa mengine kutoka Mto wa Mbu. Marijani akitikisa kichwa, harusi inahamishwa.

Wala usidhani ni mganga. Mwambie mtu wa Karatu kwamba anapigiwa ramli, atakununia mwezi mzima. Waislamu wa sokoni wana msikiti wao, wakulima wa Endabash wana makanisa yao, na wote hukemewa habari za hirizi kila wiki, hawa Ijumaa, wale Jumapili, na wote huitikia. Kwa Marijani hawaendi kupigiwa ramli. Wanakwenda kuuliza historia. Na historia yenyewe, kwa sababu ambazo hakuna aliyejisumbua kuzihoji, ni ya Ireland.

Ilianza na Bibi Brida. Huyu alikuwa mtaalamu wa visima, mwanamke wa Ireland mwenye uso uliobabuka kwa jua na kicheko kinachosikika bonde la pili, aliyekuja kuchimba maji Endabash wakati Marijani bado kijana na bado dereva. Marijani alimwendesha miaka ya kutosha kujifunza Kiingereza cha barabarani na namna ya kumsikiliza mtu anayeisimulia nchi yake bila kupumua. Siku ya kuondoka, Bibi Brida alimwachia koti la mvua na kitabu kinene chenye jalada la kijani. Kitabu kilipangwa kwa tarehe, kuanzia Januari mosi mpaka mkesha wa mwaka mpya, na chini ya kila tarehe yameandikwa mambo yaliyoipata Ireland siku hiyo katika miaka mbalimbali. Koti liliisha. Kitabu kikabaki.

Kingebaki kuzuia mlango wa stoo kama umeme usingekatika harusini kwa Isaya na Selina. Wakati huo Marijani alikuwa ameacha udereva, amefungua duka la sufuria, ndoo na mabeseni, na Jumamosi akawa mshereheshaji, MC kama wanavyomwita, kwa kuwa sauti alikuwa nayo na haya hakuwa nayo. Umeme ukakatika, jenereta ikagoma, muziki ukafa, na wageni wakaanza kutazama upande wa masufuria kwa macho ambayo kila MC anayaogopa. Marijani akapanda juu ya kreti la soda. Kichwani hakuwa na kitu isipokuwa ukurasa aliousoma asubuhi ile kwa bahati tu, alipokuwa akikiondoa kitabu mlangoni.

“Siku kama ya leo, ndugu zangu, tarehe kumi na tano Juni!” akapaza sauti. “Watu wawili walivuka bahari kubwa kwa ndege bila kutua, wa kwanza duniani kufanya hivyo. Wakaiona Ireland. Wakaona uwanja wa kijani, wakashuka. Kumbe si uwanja, ni tope! Ndege ikachomeka pua. Lakini wao wenyewe? Wazima! Isaya, Selina, chombo chenu ni kimoja, mko wawili, na matope yapo. Mtatua salama!”

Watu walipiga vigelegele mpaka jenereta ikaona aibu ikawaka. Mwaka uliofuata Selina akajifungua mapacha, na shamba la Isaya likatoa mahindi kuliko mashamba yote ya jirani. Karatu ikajumlisha.

Ingeishia hapo, pengine, ingekuwa mzaha. Lakini miezi kadhaa baadaye Marijani alisimamia harusi ya tarehe kumi na moja Aprili, na bila kufikiri akawaeleza wageni kwamba siku kama hiyo Titanic iliondoka kwenye bandari ya Ireland, bandari yake ya mwisho. Aliona ni jambo la kuvutia, watu wote wanaijua Titanic. Bwana harusi alikuwa mfanyabiashara wa viazi. Kabla ya Idd alipanda basi kwenda Dar es Salaam kununua mashine, na hadi leo bado anainunua.

Tangu hapo kina mama wakaanza kuja dukani kabla ya kupanga siku. Walishika sufuria moja, wakaigonga kana kwamba wanapima uzito wake, kisha wakauliza kwa sauti ya chini: “Mzee Marijani, Septemba mwishoni ikoje?” Tarehe kumi na tano Juni, ile ya ndege, iligombewa kiasi kwamba viti vya kukodi vilikuwa vikitolewa Arusha. Januari ishirini na moja ilihitaji maelezo, maana ndiyo siku bunge lao la kwanza lilipokaa Dublin na ndiyo siku hiyohiyo polisi wawili walipouawa njiani. Marijani aliwashauri wenye harusi washike bunge, polisi wawaachie Waairishi wenyewe. Desemba sita ilileta ugomvi kanisani. Siku hiyo walitia saini mkataba na Waingereza, na tarehe hiyohiyo mwaka uliofuata dola yao ikazaliwa, wakati ndugu wa nyumba moja wakipigana risasi kwa sababu ya mkataba wenyewe. Mzee Qamara wa Endabash, aliyegawana shamba na kaka yake kwa mkataba wa namna hiyo, alisema yeye hamwozeshi mtoto Desemba sita hata kwa dawa.

Ireland, ukisoma kurasa chache tu, utaona haikujaliwa siku nyingi za kupumzika. Ikikosa njaa ina vita, ikikosa vita kuna mtu ananyongwa. Kazi ya Marijani ilikuwa kuingia kwenye ukurasa wa namna hiyo na kutoka na kitu kinachoweza kusemwa mbele ya keki. Hakuamini hata chembe kwamba kuna tarehe nzuri na mbaya. Alipenda tu kuulizwa. Kuna wanaume wanaopenda kuitwa diwani; yeye alipenda kuona mama mtu mzima akishusha pumzi kwa sababu ya neno lake.

Jambo moja hakulitangaza. Kiingereza chake cha barabarani kilimtosha kumwelekeza mtu kisimani na kuokoteza ukurasa mmoja, hakikumtosha kitabu kizima. Aliyekisoma ni Salha.

Salha ndiye mtoto wake wa pekee. Mama yake, Zuena, alifariki Salha akiwa darasa la nne, na mwaka uliofuata nyumba ilipokuwa bado haijui ifanye nini na jioni zake, mtoto akakichukua kitabu cha kijani na kamusi ya shule akaanza kumsomea baba. Marijani alivaa miwani, akakaa mkao wa kusahihisha. Walisoma tarehe kwa tarehe, mwaka ukazunguka, wakaanza upya. Salha alipokuwa mwanamke wa kushona nguo za watu katika chumba cha mbele, bado kila baada ya chakula alisoma ukurasa wa kesho, na Marijani bado alivaa miwani. Hapakuwa na saa nyingine ya siku aliyoipenda kama hiyo.

Kwa hiyo Twaha alipoleta posa, Marijani alifurahi kwa mdomo.

Hakuwa na la kumlaumu kijana. Twaha alikuwa mpole, mtaratibu, mwalimu wa shule ya msingi. Tatizo ni mahali pa shule. Piyaya si Endabash, ambako unaweza kwenda ukarudi kabla supu haijapoa. Kwenda Piyaya unapita geti la hifadhi, unapanda mpaka kwenye ukingo wa bonde la Ngorongoro, unateremka upande wa pili, unakata mbuga pamoja na nyumbu, na ukifika unatafuta mtandao juu ya kilima. Marijani aliiwaza njia hiyo wakati wa masika. Kisha akawaza mlo wa jioni, na kiti cha pili.

Mama yake Twaha, Bi Hajira, muuza vitenge wa sokoni, ndiye aliyekuja na wazee kumaliza maneno. Bi Hajira alikuwa muumini mkubwa wa tarehe kuliko wote. Binti yake mkubwa aliolewa siku ya ndege, na hakuchoka kusema matokeo yake.

“Kila kitu tumekubaliana,” alisema akiwa ameketi kwenye kochi la Marijani kama mwenye nyumba. “Mtoto wangu amepata ruhusa kazini, Ijumaa ya tarehe ishirini na nne Aprili. Jumapili yake ni sikukuu ya Muungano, mapumziko. Imekaa vizuri kabisa. Sasa mzee mwenzangu, tutazamie.”

Salha alikuwa nyuma ya pazia na sinia la vikombe. Marijani akainuka, akaleta kitabu, akavaa miwani. Ukurasa wa tarehe ishirini na nne Aprili hakuhitaji kuusoma, alikuwa ameusikia miaka yote hiyo. Kulikuwa na mambo matatu. Mawili yalikuwa upande wa mbele, mabaya. La tatu lilikuwa nyuma ya karatasi, zuri, labda zuri kuliko yote katika kitabu kizima, na juu yake palichorwa mashua ndogo. Salha alipokuwa mdogo aliipaka mashua ile rangi ya buluu.

Marijani akaliweka dole gumba lake palepale pa kugeuzia karatasi. Halikugeuza.

“Mwaka elfu moja mia tisa na kumi na nne,” akasema taratibu, “usiku wa siku hii, meli ilishusha bunduki kaskazini mwa Ireland. Maelfu ya bunduki, kwa siri.”

“Subhanallah,” akasema Bi Hajira.

“Miaka miwili baadaye, siku hii, Jumatatu ya Pasaka, watu waliingia posta kuu ya Dublin, wakaifanya ngome, wakatangaza hawatawaliwi tena. Wiki haikuisha, katikati ya mji ni majivu.”

Hapo angenyamaza. Alikuwa amepata alichokitaka: Bi Hajira amekunja uso, mmoja wa wazee anatazama mlango. Angesema tu, jamani, tusogeze mpaka Desemba, na angepata miezi minane ya kurasa za jioni. Lakini MC ni MC. Akikuta kipande kitamu hawezi kukiacha kwenye sahani.

“Na yule aliyesimama mbele ya posta kulisoma tangazo lenyewe,” akaongeza, “alikuwa mwalimu wa shule.”

Kikombe cha Bi Hajira kikasimama hewani. “Mwalimu?”

“Mwalimu.”

“Akawaje?”

“Walimpiga risasi,” Marijani akasema, na papo hapo akatamani kulirudisha neno.

Wageni waliondoka bila kumaliza sambusa. Salha aliingia, akakusanya vikombe. Marijani alijieleza mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza: tarehe si yake, yeye hakuziandika, amesoma kilichopo, na kusogeza harusi si kuivunja. Ilikuwa hoja safi isiyo na kasoro isipokuwa kwamba yeye mwenyewe hakuiamini. Jioni ile Salha alisema kichwa kinamuuma. Kitabu hakikusomwa.

Marijani alitegemea harusi isogee. Alisahau kwamba ruhusa ya mwalimu haisogei. Siku chache baadaye habari ikamfikia dukani, imeletwa na mteja wa mabeseni: Bi Hajira ameonekana akiongea na watu wa Mto wa Mbu wenye binti. Fikra ya Bi Hajira ilikuwa nyoofu kuliko ya hakimu. Tarehe haibadiliki, na mwalimu ni yuleyule. Kitabu kilichotoa habari mbaya ni cha nyumba ya bibi harusi. Basi kinachoweza kubadilishwa hapo ni bibi harusi.

Marijani alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya uchaguzi, akakimbilia sokoni kwenye matope. Alimkuta Bi Hajira amekaa katikati ya vitenge vyake.

“Bi Hajira, yale mambo ya kitabu ni upuuzi,” alisema hata kabla ya kusalimia vizuri. “Ni mambo ya watu wengine, mbali huko. Ireland na Piyaya wapi na wapi? Tarehe haina nguvu yoyote.”

Bi Hajira alimtazama kwa huruma. “Unaona ulivyo muungwana,” akasema. “Limekutisha mpaka unalikana.”

“Sijatishika! Nakuambia sijawahi kuamini!”

“Na ndege?”

“Ndege ilianguka tu kwenye tope, mama!”

“Na yule wa viazi?”

“Yule alikuwa tapeli. Hata kungekuwa hakuna Titanic angekimbia.”

“Mzee Marijani,” Bi Hajira akasema, akikunja kitenge kwa upole wa mtu anayemfariji mfiwa, “miaka yote hujawahi kuzikana tarehe zako. Leo unazikana. Basi naelewa kwamba kuna baya zaidi umeliona, hutaki kunishtua. Mungu akulipe. Mimi nina mtoto mmoja wa kiume.”

Alivyozidi kukana ndivyo alivyozidi kuaminika. Alirudi nyumbani viatu vimejaa udongo mwekundu, na njiani alikutana na watu wawili waliompa pole. Alikuwa amejenga kitu hiki kwa mdomo wake, harusi baada ya harusi, na sasa mdomo huohuo haukuweza kukibomoa.

Salha alikuwa kwenye cherehani, anashona gauni la mtu mwingine. Macho yalikuwa yamevimba. Marijani alikaa kwenye kigoda karibu na miguu yake kama mteja aliyekuja kupimwa.

“Twaha amekupigia?”

“Juzi. Alipanda kilimani.” Akakata uzi kwa meno. “Anasema mama yake halali. Anasema yeye atamsikiliza mama yake, kwa kuwa hana mwingine. Nami nikamwambia sawa, kwa kuwa hata mimi ninaye baba tu.”

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma. Kama angepiga kelele Marijani angepata pa kushika. Alimtazama mtoto wake akikanyaga cherehani, akaona mabega ya Zuena, na akajua kwa mara ya kwanza, waziwazi, kwamba anaweza kumbakiza. Salha angekaa. Angemsomea kila jioni mpaka wote wawili wazeeke, na angekuwa na sauti hiihii. Marijani aliogopa kuliko alivyoiogopa Piyaya.

Siku ya pili yake akatuma ujumbe kwa Bi Hajira kwamba katika tarehe ile kumeonekana jambo jingine. Bi Hajira alifika kabla chai haijachemka.

“Kurasa ziligandana,” Marijani akamwambia, bila kumtazama. “Unyevu wa masika. Nimezifungua jana, kumbe nyuma kuna habari.”

Nyuma ya pazia vikombe vilinyamaza.

“Soma,” akasema Bi Hajira.

Marijani akavaa miwani, akaivua. “Salha, njoo usome wewe. Miwani imechoka.”

Salha akatoka, akaweka sinia, akachukua kitabu. Hakutafuta ukurasa, kilifunguka chenyewe pale. Akasoma kwa Kiswahili moja kwa moja, kwa sauti ileile ya baada ya chakula.

“Siku hiyohiyo, mwaka huohuo wa posta. Mbali sana kusini, kwenye barafu, watu ishirini na wanane walikuwa wamekwama kwenye kisiwa kinachoitwa cha Tembo. Meli yao ilipondwa na barafu. Mkuu wa msafara alizaliwa Ireland. Akachagua watu watano, wawili kati yao nao Waairishi, wakaingia kwenye mashua ndogo kwenda kutafuta msaada, kwenye bahari mbaya kuliko zote. Ishirini na wawili wakabaki. Waligeuza mashua mbili juu chini, wakaishi humo. Kila asubuhi aliyeachwa kuwasimamia aliwaambia wakunje matandiko yao, wafunge vitu, maana mkubwa huenda akaja leo.”

“Akaja?” Bi Hajira alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kochi.

“Alikuja. Mashua ilifika. Akajaribu kurudi, barafu ikamzuia, akajaribu tena na tena. Agosti thelathini akawafikia.”

“Wangapi walikuwa wamekufa?”

“Hakuna, mama. Wote ishirini na wawili aliwakuta hai.”

Bi Hajira aliweka mkono kifuani. Ni mtu mzito, aliyewahi kuzika mume na kulea watoto kwa vitenge, lakini machozi yalimtoka kwa ajili ya wanaume wa barafuni ambao wangekuwa wameshakufa kwa uzee. Kisha akajikumbuka.

“Na bunduki?”

“Zile zilishushwa usiku,” Salha akasema. “Ndoa inafungwa mchana.”

“Na mwalimu?”

Marijani akashika mikono ya kiti. Salha hakuangalia hata kitabuni.

“Mwalimu yule, mama, hakuwa na mke.”

Bi Hajira akalipima neno hilo kama anavyopima kitambaa, akalinyoosha, akalitazama kwenye mwanga.

“Ndiyo maana,” akasema mwishowe. “Angekuwa naye, nani angemwacha aende posta?”

Harusi ikarudi mahali pake. Watu wa Mto wa Mbu waliambiwa kulikuwa na kutoelewana.

Ijumaa yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ndoa ilifungwa baada ya swala, na sherehe ikawa chini ya maturubai yaliyobeba maji kama viriba. Baba hawezi kuwa MC wa binti yake, kwa hiyo kazi ilipewa Luqman, fundi simu aliyejifunza ushereheshaji kwa kumwigiza Marijani mpaka kikohozi. “Siku kama ya leo!” Luqman akaunguruma, kisha akaisimulia mashua kwa namna ambayo Bibi Brida asingeitambua. Kwenye kisiwa cha Tembo alitia tembo wa kweli, wakali, na watu wa Endabash, ambao tembo wa hifadhini huwalia mahindi kila msimu, wakaguna kwa uchungu wa dhati. Mkuu wa msafara alipowafikia wenzake, Selina wa mapacha alipiga kigelegele kilichofanya turubai limwage maji yote shingoni mwa mzee Qamara.

Kisha ikafika zamu ya neno la baba. Marijani, mtu aliyepanda juu ya kreti la soda akaokoa harusi kwa mdomo mtupu, alishika maiki, akaipuliza, akaipuliza tena.

“Twaha,” akasema. “Salha anapenda chai isiyo na tangawizi.”

Watu wakasubiri. Hakukuwa na zaidi. Luqman akaiokota maiki na kuwaambia wageni kwamba huo ndio ufupi wa wenye hekima, na muziki ukawaka.

Gari la kwenda Piyaya liliendeshwa na Lembris, jirani yake Twaha wa huko, aliyekuja na shuka yake nzuri kumchukua bibi wa mwalimu. Alimpa Marijani mkono na kumwambia asiwe na wasiwasi, mama mwalimu atakuwa na majirani na maziwa. Alitaka watoke mapema, kabla geti halijafungwa. Marijani alizunguka mpaka upande wa Salha, akajifanya anakagua kama mlango umefunga.

Salha alishusha kioo. “Baba, zile kurasa hazikuwa zimegandana.”

Mvua ilimwagikia Marijani kwenye kofia. Angeweza kusema mengi, akasema, “Ulijua.”

“Ule ukurasa nimekusomea tangu darasa la tano. Mashua niliipaka rangi mwenyewe. Siku ile nilikuwa nyuma ya pazia, nikawa nasubiri ugeuze.”

“Kwa nini hukutoka ukasema? Ungesema, yangeisha palepale.”

“Ningesema mimi, ningekuwa nimeondoka,” Salha akajibu. “Nilitaka uniruhusu.”

Marijani akaitikia kwa kichwa. Akaupigapiga mlango kama mtu anayemruhusu ng'ombe kutoka zizini, na gari likaingia barabarani likirusha udongo mwekundu kwenye kanzu yake nyeupe. Alisimama pale mpaka Luqman alipokuja kumwomba funguo za stoo.

Kitabu alikikuta mezani. Jioni za kwanza alijaribu kukisoma mwenyewe, kwa kamusi ya shule, na akagundua kwamba karibu nusu ya yale aliyokuwa akiwaeleza watu miaka yote Salha alikuwa ameyalainisha. Kulikuwa na tarehe ambazo hazikuwa na ndege wala bunge wala chochote cha kusemwa mbele ya keki, na mtoto wa darasa la tano alikuwa amemtafutia baba yake kitu cha kusema. Hakukasirika. Alicheka peke yake, kisha akalia peke yake, na chai ikapoa.

Watu waliendelea kuja. Juni ilipita na viti vyake vya Arusha. Baada ya hapo akaja Cresensia wa Endabash, mjane mwenye kijana wa kuozesha, akagonga sufuria moja, akaigonga na nyingine.

“Mzee Marijani, tunafikiria mwisho wa Agosti. Tarehe thelathini. Mahindi tutakuwa tumevuna.”

Marijani hakufungua kitabu. Shule ya Piyaya ilikuwa ifunge kwa likizo fupi mwisho wa Agosti, na Twaha alikuwa amepanda kilimani kusema kwamba yeye na Salha watakuja, kama njia itakubali.

“Hiyo hapana, mama.”

Cresensia akashusha sufuria. “Ni mbaya?”

“Nzuri mno. Ila imeshachukuliwa.”

“Na nani? Mbona sijasikia harusi?”

Marijani aliinuka akaingia ndani, kwenye chumba cha mbele chenye cherehani iliyofunikwa kitambaa. Alilala humo siku hizi, kwenye mkeka, na leo alikuwa ameamka kwa haraka ya kufungua duka akausahau chini. Akaukunja, akaufunga kamba, akauegemeza ukutani kama alivyofanya kila asubuhi tangu Aprili, kisha akarudi kumuuliza Cresensia kama amependelea sufuria ile kubwa au ndogo.